Asili na Ustawi wa Jina la Mwanamvua

Msiniulize ni nchi gani. Ipo, ina bendera, ina wimbo wa beti saba unaoimbwa kwa kusimama, na ina Rais ambaye sheria inakataza kumwita Rais, kwa kuwa hata watu wengine duniani wanaitwa hivyo. Yeye anaitwa Mheshimiwa Mwenyewe. Basi katika nchi hiyo, kwenye wilaya moja ya katikati, alikuwako mama mmoja karani, Bi Zuwena, aliyekaa miaka ishirini na tatu katika ofisi ya vizazi na vifo. Mezani kwake palikuwa na vitabu viwili: cha kijani cha wanaokuja, na cheusi cha wanaokwenda. Mwandiko wake ulikuwa mzuri, umelala kidogo upande wa kulia, na kwa miaka yote hiyo hakuna aliyezaliwa wala kufa wilayani pasipo kupita chini ya kalamu yake.

Jina la Mwanamvua zamani halikuwa na makuu. Mtoto wa kike akizaliwa mvua inanyesha, shangazi yake huchungulia dirishani, akasema, "Huyu Mwanamvua," mambo yakaisha, watu wakarudi kwenye uji wa mzazi. Kwa mwaka walipatikana kumi, masika yakiwa mazuri kumi na watano. Bi Zuwena mwenyewe alimzaa mmoja. Mvua ile ilinyesha siku mbili bila kupumua. Maji yaliingia mpaka uvunguni, mkunga akafanya kazi na kanga imefungwa juu ya magoti, na mtoto alipolia hakusikika kwa kelele za bati. Mama yake alimwona mdomo tu umefunguka. Pamoja na uchungu wote ule, Bi Zuwena akacheka. Shangazi mtu hakuhitaji kuchungulia dirisha lolote.

Miaka ikapita, binti akakua, akawa fundi cherehani wa sare za shule, mcheshi, mvivu wa kuosha vyombo. Hapo ndipo serikali ilipogundua kwamba mama mzazi wa Mheshimiwa Mwenyewe naye anaitwa Mwanamvua.

*

Ikaundwa Tume ya Kuchunguza Asili ya Jina. Wajumbe walikuwa kumi na wanane, na madereva wao kumi na wanane. Tume ilizuru nchi saba za nje ambako jina hilo halipo, ili kuthibitisha kwamba halipo. Walipokuta kweli halipo, walifurahi sana, wakala chakula cha jioni na mabalozi.

Mwisho walimwendea mwenye jina, Bi Mkubwa wa Taifa, ajuza wa miaka themanini na tano, aliyewapokea ukumbini akichambua mchele.

"Wanangu, mie nilizaliwa kiangazi," alisema. "Jua kali, hata mbuzi walikuwa wamejificha. Jina nimerithi kwa bibi yangu tu."

Tume ilimshukuru, ikaandika kwamba unyenyekevu ni tabia ya familia hiyo.

Ripoti ilitoka baada ya miezi kumi na mmoja, kurasa mia nne na kumi na mbili, na asili ya jina ikawa imejulikana. Watu wote tangu zamani walikuwa wamekosea. Siyo kwamba mvua ilinyesha ndipo mtoto akaitwa Mwanamvua. La. Mtoto alizaliwa kwanza, nchi ikiwa kavu, haina jani, ndipo mvua ikapata habari na kuja mbio kutoa heshima zake. Ukurasa wa mia tatu na sita ulieleza kuwa kabla ya siku hiyo mvua ilikuwa ikinyesha ovyo tu, bila uongozi.

Sasa nawaomba msinitie maneno mdomoni: hakuna mzazi aliyelazimishwa. Kila mmoja alikuwa huru kumwita binti yake jina alitakalo. Ila kliniki iliweka foleni mbili, ya kina Mwanamvua kivulini, ya majina mengine juani, na ile ya juani ilifunguliwa Alhamisi tu. Watu wakachagua kwa hiari zao.

Tatizo likawa moja. Desturi inataka mvua, na wanawake hawakuacha kuzaa kiangazi. Serikali ikaajiri Maofisa Mvua wa Wilaya. Kila zahanati yenye wodi ya wazazi ilipata mmoja, mwenye koti la mpira, pampu na mpira wa maji wa mita sitini. Uchungu ukimkamata mama, muuguzi anapiga filimbi, ofisa anapanda ngazi hadi juu ya paa na kufungulia. Maji yanadondoka dirishani, shangazi anachungulia, anasaini Hati ya Kunyeshewa katika nakala tatu. Ofisa Mvua wa wilaya ile, bwana mmoja mwembamba asiyejua kuogelea, alipewa nishani kwa kunyesha saa kumi na nne mfululizo siku ya mapacha watatu.

Jina likastawi. Mwaka wa tatu, katika darasa la chekechea, mwalimu aliita Mwanamvua wa Kwanza mpaka Mwanamvua wa Arobaini na Moja, na mmoja aliyeitwa Rukia akahamishwa shule kwa kuwa alikuwa anawachanganya wenzake. Wanawake watu wazima nao wakaanza kubadili. Pale ofisini wote walibadili, mfagizi hadi mhasibu. Alibaki Bi Zuwena.

"Nyumbani kwangu yuko mmoja tayari," alisema. "Tukiwa wawili nani atamtuma nani?"

Wakacheka, wakamwacha.

*

Kisha ikaja Waraka Namba Tisa. Nausoma kama ulivyo: "Kwa kuwa jina hili linakua, na kwa kuwa kinachokua hakipaswi kupungua, ni marufuku kwa karani yeyote kuliandika katika kitabu cheusi."

Maana yake mmeipata. Kina Mwanamvua hawakukatazwa kufa. Serikali ile haikuwa katili kiasi hicho. Walitakiwa tu wasife na jina. Mkuu wa ofisi, Bwana Shekue, mwanamume mpole mwenye kikohozi cha adabu, alibuni utaratibu: Mwanamvua akifa, aandikwe Asumini.

Bi Zuwena aliutekeleza. Waliofiwa walikuja na macho mekundu, naye akawaambia, "Ndiyo utaratibu, ndugu zangu," akaandika Asumini. Aliandika kumi na tisa. Ripoti ya mwaka ikaonyesha kwamba Asumini ndilo jina linaloua kuliko yote nchini, akina Asumini wazima wakashikwa na hofu, wakakimbilia kubadili na kuwa Mwanamvua, na takwimu zikapanda maradufu.

Mwezi wa nne binti yake Bi Zuwena akashikwa na homa. Siku ya kwanza walimpeleka zahanati, wakaambiwa maabara haina maji ya kazi, yote yako juu ya paa, kuna wazazi sita wodini. Siku ya pili wakaambiwa vivyo hivyo. Bi Zuwena alikaa na mwanawe kwenye benchi la nje, maji ya serikali yakimiminika kutoka kwenye bati mbele yao na kupotelea mtaroni. Aliweka kitambaa chini ya yale matone, akamkanda kichwa.

"Mama, mvua gani hii ina jua?" binti aliuliza.

"Ya serikali."

"Iambie inatosha."

Siku ya tatu maabara ilipata ndoo mbili. Binti alikuwa ameshakwisha.

Walizika alasiri ile ile. Watu walikuja wengi, walisema waliyoyasema, na Bi Zuwena aliitikia kila mmoja. Ndani mwake hamkuwa na kitu. Alikunywa chai asijue kama imetiwa sukari. Alingoja kulia, kulia hakukuja, akaona haya mbele ya wageni, akajifunika ushungi ili wadhani analia.

*

Baada ya siku saba alirudi kazini. Alifungua kitabu cheusi, akakaza kalamu. Bwana Shekue akasogea taratibu, akakohoa.

"Bi Zuwena, pole sana. Tena sana. Unaandika Asumini, siyo?"

"Namwandika mwanangu."

"Ndiyo, mwanao. Asumini."

"Mwanangu haitwi Asumini."

"Kufa ameruhusiwa, dada yangu. Nani amemkatalia? Jina ndilo haliruhusiwi. Na wewe unajua, hawa kumi na tisa umewaandika mwenyewe."

Alijua. Kumi na tisa, kwa mwandiko wake mzuri uliolala kulia, na kila mmoja alikuwa na mama au mtoto aliyesimama pale pale mbele ya meza akimeza mate. Akafunga kitabu. Hakugombana. Hakuwa na nguvu ya kugombana, ila mkono wake ulikataa kuandika jina lile lingine, ukakataa kabisa, kana kwamba ni mkono wa mtu mwingine mwenye msimamo wake.

Basi kwa serikali binti akawa hai. Tena hai wa kutosha. Alipata barua ya kupongezwa kwa kutimiza miaka ishirini na minne. Alipata barua ya kuonywa kwa kutohudhuria mazoezi ya gwaride. Mwezi wa saba alialikwa kwenye Siku ya Jina, akae jukwaa la mbele. Bi Zuwena akavaa baibui lake safi, akachukua kadi ya mwaliko, akaenda.

Mgeni rasmi alikuwa Waziri wa Majina, Nasaba na Hali ya Hewa, mtu mnene mwenye sauti ya kukwaruza.

"Ndugu wananchi! Wako wanaosema hatujafanya kitu. Nawauliza: katika miaka mitatu, ni Mwanamvua wangapi wamefariki katika nchi hii?"

"Hakunaaa!" uwanja ukaitika.

"Hata mmoja! Nchi zenye hospitali kubwa, zenye madaktari wa mpaka kwenye kucha, watu wanakufa. Sisi tumetumia jina tu! Majirani wanakuja kujifunza. Wanatuuliza siri ni nini. Nimewajibu, siri ni uongozi, na karatasi nzuri!"

Makofi yakapigwa dakika sita kwa saa ya mpiga picha. Waziri aliposhuka kusalimia jukwaa la mbele, alimkuta Bi Zuwena amesimama na kadi mkononi.

"Mheshimiwa, huyu mliyemwalika ni binti yangu. Amefariki mwezi wa nne."

Waziri alimtazama kwa huruma ya kweli, akamshika bega, akanong'onezwa na msaidizi wake, akatabasamu.

"Mama yangu, usiwe na wasiwasi. Nimeambiwa takwimu zake ziko vizuri sana."

Akapita. Bi Zuwena alirudi kwenye kiti cha binti yake, akakaa, akatazama gwaride lote mpaka mwisho. Walimpa soda na maandazi mawili kwa niaba ya binti yake, akayala.

*

Mwezi wa kumi ikatangazwa Sensa ya Jina. Safari hii wakubwa hawakutaka vitabu. Kila Mwanamvua aonekane kwa macho, ahesabiwe, kwa sababu Mheshimiwa Mwenyewe alitaka kumzawadia mama yake idadi kamili siku atakayotimiza miaka tisini.

Karani wa sensa aliyebisha hodi kwa Bi Zuwena alikuwa msichana wa miaka kama ishirini, kofia ya njano, kishikwambi kifuani.

"Shikamoo mama. Mwanamvua binti Haruni yupo?"

"Marahaba. Yupo. Twende nikuonyeshe."

Wakatembea mpaka makaburini. Bi Zuwena akasimama penye kaburi ambalo udongo wake ulikuwa umeanza kukaa, akaonyesha kwa kidole. Msichana akatazama chini, akatazama kishikwambi, akakitikisa kidogo.

"Mama, pole. Lakini hapa kuna majibu matatu tu. Yupo nyumbani. Yupo kazini. Yupo safarini."

"Jaza lililo kweli."

"Hakuna lililo kweli."

"Acha wazi basi."

"Nikiacha wazi hakisongi mbele. Nitashinda hapa." Msichana akakibonyeza tena. "Na lazima nimpige picha akiwa ameshika namba yake."

Wakasimama wote wawili. Jua liliwapiga. Bi Zuwena hakumchukia yule msichana, hakumhurumia pia. Alitaka tu mtu mmoja, hata mmoja mwenye kofia ya serikali, aseme neno lile kwa mdomo wake.

"Wewe unamwonaje?" akamuuliza. "Yuko hai?"

Msichana akavua kofia.

"Hapana, mama. Amekufa."

"Ahsante."

Msichana akaandika kwa kalamu ya wino pembeni ya karatasi yake ya akiba: hakuonekana. Jioni hesabu ikafungwa. Vitabu vilisema wilaya ina Mwanamvua elfu nne mia tatu na kumi na wawili. Macho yalisema elfu nne mia tatu na kumi na mmoja.

*

Nchi ile imeshapotelewa na mengi, magari, madaraja, shule nzima ya ufundi, na hakuna aliyeshtuka. Lakini Mwanamvua mmoja! Simu zilipigwa tangu asubuhi. Bwana Shekue alipewa mpaka saa tisa alasiri awe amempata, vinginevyo yeye mwenyewe atatafutwa. Alitoka chumbani kwake amelowa jasho, kikohozi kimemkimbia.

"Bi Zuwena. Nimepekua wilaya nzima. Mwanamke asiyekuwa na jina hilo umebaki wewe."

"Najua."

"Fomu hii hapa. Unasaini tu. Akitoka mmoja ameingia mmoja, idadi haijashuka, hakuna aliyeumia. Nisaidie, dada yangu. Nina watoto."

Bi Zuwena aliitazama ile fomu. Jina lake alipewa na baba yake, aliyekuwa akilitamka kwa kulivuta mwishoni kila aliporudi sokoni. Tangu baba huyo afe hakuna aliyelitamka vile. Alifikiri atasikia kitu moyoni akiliacha. Alisikiliza. Kimya.

"Umesema akitoka mmoja," alisema.

"Ndiyo."

"Basi atoke. Atoke na jina lake, kwenye kitabu cheusi, kwa mkono wangu. Siyo Asumini."

"Waraka Namba Tisa..."

"Saa ngapi sasa, Bwana Shekue?"

Ilikuwa saa nane na nusu. Bwana Shekue akatazama saa ya ukutani, akatazama mlango, akakaa kwenye kiti cha wateja. Kitabu cheusi akakisukuma yeye mwenyewe kwa vidole viwili.

"Andika upesi," akasema. "Ukurasa huo nitaugandisha na gundi. Usitegemee kuuonyesha kwa mtu."

"Sina wa kumwonyesha."

Akaandika. Mwanamvua binti Haruni. Fundi cherehani. Umri: miaka ishirini na mitatu. Mahali: benchi la nje la zahanati. Chanzo cha kifo: homa. Alipofika kwenye herufi ya mwisho akaishika kalamu kwa mikono yote miwili mpaka alipomaliza. Kisha akasaini ile fomu nyingine, na kuanzia dakika hiyo akawa Mwanamvua wa elfu nne mia tatu na kumi na mbili.

Bwana Shekue akapumua. Alikuwa tayari ameinuka kwenda kupiga simu, ndipo akakumbuka jambo, akarudi.

"Samahani, Bi... samahani. Imebaki moja. Zuwena sasa hana mtu. Hatuwezi kumwacha anaelea kwenye vitabu, wakaguzi watauliza."

"Afanyweje?"

"Tumwandike amefariki tu. Zuwena hana tabu, Zuwena wanakufa kawaida."

Akaurudia ukurasa ule ule, akajiandika mstari wa pili, chini ya mwanawe. Zuwena binti Salimu. Karani. Umri: miaka hamsini na mmoja. Mahali: ofisini. Akafika penye chanzo cha kifo, akasita, kalamu hewani.

"Chanzo niandike nini?"

"Chochote," alisema Bwana Shekue, macho yakiwa kwenye saa. "Hakuna atakayesoma."

Akaandika: homa ile ile.

Bwana Shekue akapitisha jicho haraka kwenye mistari yote miwili, akaona hakuna palipoachwa wazi, akagonga muhuri.